Kabla hujabonyeza CAL: kipima maji cha mkononi kwenye vizimba vya sato

Swali: "Nafuga sato kwenye vizimba Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Nina kipima maji cha mkononi kinachopima pH (kiwango cha asidi au besi), upitishaji umeme, oksijeni na joto. Alfajiri pH ilikuwa inasoma 7.1, alasiri 8.7, pale pale kizimbani. Nikahisi kimeharibika, nikakikalibreti, yaani nikakirekebishia namba, kwa maji ya kunywa ya chupa yaliyoandikwa pH 7.0. Sasa alfajiri kinasoma 7.6. Oksijeni nayo: nikikishika hewani kinaonyesha 8.2 mg/L, cha jirani yangu 7.2, na joto ni 25 °C kwa vyote viwili. Kipi kinasema kweli? Nikalibreti vipi, na kila baada ya muda gani?"

Jibu:

Kwenye oksijeni, jirani yako ndiye anayesoma sawa. Kwenye pH, kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea kipimo chako kilikuwa kizima hadi ulipokifunza uongo kwa maji ya chupa.

Oksijeni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoua samaki usiku mmoja. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu 885 hPa, yaani kama 664 mmHg. Pwani ni 1013 hPa, yaani 760 mmHg. Kiasi cha oksijeni ambacho maji yanaweza kubeba hufuata mgandamizo huo. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye joto la 25 °C yakishiba hewa Dar es Salaam hubeba 8.26 mg/L. Maji hayo hayo yakishiba hewa Mwanza au Sengerema hubeba kama 7.18 mg/L. Kipimo chako kinadhani kimesimama ufukweni Dar. Cha jirani ama kina barometa ndani yake, ama mwenyewe alikiingizia mwinuko wa ziwa. Tofauti hiyo haiishii hewani. Namba zako zote za oksijeni zimepanda kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo kikisema 4.0 mg/L, samaki wanavuta 3.5. Kwa mfugaji anayeamua alfajiri kama alishe au asubiri, hilo si kosa la kupuuza.

Sasa pH. Mchana mwani hutumia hewa ya ukaa iliyo majini kwa usanisinuru, na hewa hiyo ikipungua pH hupanda. Usiku mwani, samaki na bakteria wote hupumua, hewa ya ukaa hurudi, pH hushuka. Maji ya ziwa lenu yana madini machache: upitishaji umeme wake ni kama 100 µS/cm tu, kwa hiyo hayana nguvu kubwa ya kuzuia pH isiyumbe. Kwenye ghuba zenye mwani mwingi, kutoka 7.1 alfajiri hadi 8.7 alasiri ni mwendo wa kawaida wa maji. Na angalia: siku hiyo hiyo oksijeni nayo itakuwa chini alfajiri na juu alasiri. Vyote viwili vikipanda na kushuka pamoja, lawama si ya kifaa.

Maji ya chupa yalikuponza kwa sababu namba ya kwenye lebo si kipimo cha chupa ile mkononi mwako. Tena hata kama yalikuwa 7.0 kiwandani, hayana nguvu ya kuzuia pH yake isiyumbe. Yakikaa wazi hufyonza hewa ya ukaa na kushuka. Maji yaliyokenekwa ni mabaya zaidi kwa kazi hii: yakiachwa wazi hukaribia 5.6. Kwa kuwa alfajiri yako imeruka kutoka 7.1 kwenda 7.6, maji yale yaelekea yalikuwa na pH ya 6.5 hivi, nawe ukakiambia kifaa "hii ndiyo saba."

Usidhani nusu kizio ni kitu kidogo. Sumu ya amonia kwa samaki hutegemea pH. Kwenye 25 °C, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 ya amonia yote iliyopimwa; ikiwa 8 ni kama 5.4, ikiwa 9 inafika 36. Ukiwa umekosea pH, jedwali lolote la amonia unalofuata linakupoteza.

Pima kwanza, kalibreti baadaye

Watu wengi huchukulia kitufe cha CAL kama dawa: kifaa kikisoma ajabu, wanakibonyeza. Kitufe hicho hakitengenezi kitu. Kinachofanya ni kukiambia kifaa, "unachokihisi sasa hivi kiite namba hii." Elektrodi (kichwa cha kioo kinachohisi pH) ikiwa imechakaa, ina mafuta au imepasuka, nacho kitakubali, kisha kitakudanganya kwa utulivu.

Kwa hiyo kila mara, kabla ya kukalibreti, chovya kwenye myeyuko wenye namba inayojulikana, soma bila kubadili chochote, andika. Namba hiyo ya kabla ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye daftari lako, maana ndiyo inayokuambia vipimo vya wiki iliyopita viliaminika kiasi gani. Ukishakalibreti umeifuta.

Ungefanya hivyo, shaka yako ya mwanzo ingeisha siku moja. Chovya kwenye bafa ya pH 7 (myeyuko ambao pH yake inajulikana na haiyumbi kirahisi) alfajiri, kisha tena alasiri. Bafa ikisoma kati ya 6.95 na 7.05 mara zote mbili huku ziwa likitoka 7.1 hadi 8.7, basi ni ziwa lililobadilika.

Vitu vya kuwa navyo

Bafa za pH za chupa, 4.01, 7.00 na 10.01, myeyuko wa upitishaji umeme wa 1413 µS/cm, myeyuko wa kuhifadhia elektrodi, maji ya kusuuzia, vikombe vidogo vya plastiki, tishu laini. Mililita 30 za kila bafa zinatosha kwa mara moja, mradi tufe la kioo na kile kidoa kidogo cha pembeni yake (kiungo cha rejea) vyote vizame. Zikishatumika zimwage. Usirudishe kwenye chupa hata kama zinaonekana safi.

Ukinunua bafa za unga za pakiti, zile zinazoyeyushwa kwenye mililita 250, soma namba kwa makini. Nyingi ni 4.00, 6.86 na 9.18, si 7.00 na 10.01. Zote mbili ni familia halali, ila kifaa lazima kijue unatumia ipi. Kifaa kilichowekwa kwenye familia ya 7.00 ukikichovya kwenye 6.86 kitaitambua kama 7.00 bila kulalamika, na hapo umejiongezea kosa la 0.14. Ukipeleka 9.18 kitakataa au kitatoa alama ya kosa, na watu huishia kulaumu elektrodi. Ingia kwenye mipangilio uchague familia inayofaa. Kama kifaa chako hakina chaguo hilo, nunua bafa kinazozijua.

Kwa kuyeyushia unga na kusuuzia, maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, mradi uyapime kwanza kwa kifaa chako: yakisoma chini ya 10 µS/cm ni mazuri. Hakikisha ni maji ya betri na si asidi ya betri. Chupa zake huwekwa rafu moja. Maji ya bomba au ya kunywa ya chupa yana madini na yatasogeza bafa.

Bafa ya 10 ndiyo huharibika mapema, kwa kuwa hufyonza hewa ya ukaa kila unapofungua; ikishafunguliwa, baada ya mwezi mmoja anza kuishuku. Ya 4 huota ukungu: ukiona nyuzi zinaelea, mwaga. Ya 7 huvumilia zaidi. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu ya wino usiofutika, na usiziache ndani ya gari au kwenye boti juani.

Fuata mpangilio huu: upitishaji umeme, pH, oksijeni

Kama vichwa vyote, yaani sehemu zinazochovywa majini, vimeunganishwa pamoja, upitishaji umeme utangulie. Bafa za pH zina chumvi nyingi sana; tone moja likibaki kwenye kichwa linaweza kuusogeza myeyuko wa 1413. Elektrodi ya pH nayo huvuja kloridi ya potasiamu kidogo kidogo, kwa hiyo usiiache izame kwenye myeyuko wa upitishaji kwa muda mrefu.

Suuza kichwa kwa maji ya betri, kung'uta, kisha kisuuze tena kwa kiasi kidogo cha myeyuko wa 1413 wenyewe na ukimwage. Ndipo ukichovye kwenye kikombe kipya. Kigonge kidogo ili mapovu yatoke. Povu moja likinasa kati ya vipande vya chuma namba hushuka sana, na hilo ndilo kosa linaloongoza kwenye kipimo hiki. Subiri joto litulie, soma, andika. Ikiwa iko ndani ya asilimia 2 au 3 ya 1413, acha. Ikiwa imetoka nje, safisha kwanza kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, rudia, ndipo ukalibreti.

Utajiuliza kwa nini usitumie myeyuko wa 84 µS/cm wakati ziwa lako liko karibu na 100. Myeyuko mwepisi kiasi hicho huchafuka kwa tone la jasho au kwa hewa tu. Ni afadhali 1413 iliyo sawa kuliko 84 iliyochafuka. Kifaa kikiwa hewani, kikavu, kinapaswa kusoma sifuri au karibu yake. Hapo umepata ukaguzi wa upande wa chini bila gharama.

Neno moja kuhusu TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini): kifaa hakipimi TDS. Kinazidisha upitishaji umeme kwa namba iliyowekwa kiwandani, ama 0.5, ama 0.64, ama 0.7. Ndiyo maana vifaa viwili vizima kwenye kikombe kimoja cha 1413 vinaweza kusema 707 na 989. Linganisha µS/cm.

Kwa pH, bafa na elektrodi vikae kivulini pamoja hadi joto lao lilingane, ikiwezekana kati ya 20 na 30 °C. Bafa yenyewe hubadilika na joto: ile ya 7.00 ni 7.02 kwenye 20 °C na 6.98 hivi kwenye 30 °C. Ile ya 10.01 ni kama 10.06 kwenye 20 na 9.97 kwenye 30. Chupa huwa na jedwali pembeni. Vifaa vingi hufanya hesabu hiyo vyenyewe. Vile vya kuandika namba kwa mkono vinakuhitaji wewe.

Anza na 7 siku zote, kwa kuwa ndiyo inayoweka sifuri ya elektrodi. Suuza, kausha kwa kugusisha tishu pembeni bila kusugua kioo (kusugua huacha chaji ya umeme na namba hutangatanga), chovya, koroga taratibu mara chache, kisha tulia. Usifuate alama ya "tayari" peke yake. Subiri namba isisogee zaidi ya 0.02 kwa nusu dakika. Soma, andika namba ya kabla. Kama kifaa chako huonyesha milivolti, andika nazo. Kisha kubali.

Baada ya hapo nenda kwenye 10.01, kwa kuwa ziwa lako huwa kati ya 7 na 9 na bafa mbili zinatakiwa ziuzingire upande huo. Bafa ya 4 si lazima kila siku. Ifanye mara moja kwa mwezi kama uchunguzi wa afya ya elektrodi.

Milivolti ndizo zitakazokuambia kama elektrodi bado ina maisha. Kwenye bafa ya 7, elektrodi nzima husoma karibu na 0, na hadi 30 juu au chini ni sawa. Kwenye 25 °C kila kizio kimoja cha pH kinapaswa kuleta milivolti 59.2. Kwa hiyo kutoka bafa ya 7 hadi ya 4 tofauti iwe kama 177, na kutoka 7 hadi 10 vivyo hivyo upande wa hasi. Gawanya ulichopata kwa 177, zidisha kwa 100: hiyo ndiyo asilimia ya mteremko, yaani jinsi elektrodi inavyoitikia pH. Kati ya 95 na 105 furahia. Ikiwa chini ya 95 safisha elektrodi na urudie. Ikibaki chini ya 85 baada ya kusafisha, hakuna kalibresheni itakayoisaidia. Ikizidi 105, kwa kawaida bafa mojawapo si ile inayosema kwenye lebo.

Ukimaliza, chovya tena kwenye bafa ya 7 mpya, si ile uliyotumia kukalibreti. Ikisoma 7.00 kwa tofauti isiyozidi 0.05, umemaliza. Ukiruka hatua hii hujui kama kalibresheni ilishika.

Ukienda ziwani, kumbuka kuwa maji yenye madini machache huifanya elektrodi iwe mvivu. Bafa hutulia kwa sekunde 30. Maji ya ziwa yanaweza kutaka dakika mbili hadi tano. Wapimaji wengi huinua kichwa mapema, wanaandika namba iliyo bado njiani kutoka kwenye bafa.

Na fidia ya joto, yaani marekebisho ambayo kifaa hujifanyia kulingana na joto, isikupe imani isiyo yake. Inarekebisha tabia ya elektrodi tu. Maji yaliyobebwa kwenye chupa kutoka kizimbani, yakapata joto ndani ya boti, yamebadilika kweli, na kifaa hakiwezi kukurudishia pH yaliyokuwa nayo ziwani.

Oksijeni: mgandamizo, unyevu na subira

Jua kwanza una kichwa cha aina gani. Chenye utando na kimiminika ndani ni cha kemikali ya umeme. Chenye kofia nyeusi na taa ndani ni cha mwanga. Kati ya vile vya utando, baadhi huhitaji kuwashwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kutumika. Ukikalibreti dakika ya kwanza, namba itaendelea kuteremka na utakuwa umekalibreti kitu kinachosogea. Kitabu cha kifaa kitakuambia cha kwako ni kipi.

Kalibresheni ya kawaida hufanyika kwenye hewa iliyoshiba unyevu, si ndani ya maji. Weka maji kidogo, kina cha milimita 3 hivi, chini ya kikombe cha kalibresheni. Futa matone kwenye utando na kwenye kipimajoto kwa kugusisha tishu. Ingiza kichwa kisiguse maji, funga bila kukaza, ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje. Weka kivulini dakika 10 hadi 15. Tone moja lililoganda kwenye utando hupotosha namba. Vivyo hivyo kikombe kilichokazwa.

Sasa kipe kifaa mgandamizo. Vifaa hutofautiana hapa, na hapa ndipo kosa lako lilipo.

Kama kina barometa, hakikisha tu kinaonyesha karibu 885 hPa au 664 mmHg. Kama kinataka mwinuko, andika mita 1,134, au futi 3,720. Watu huandika mita kwenye kisanduku cha futi na kupoteza theluthi mbili za sahihisho. Kama kinataka mgandamizo, usichukue namba ya programu ya hali ya hewa ya simu. Programu hizo hutoa mgandamizo uliokwisha kubadilishwa kuwa wa usawa wa bahari, kwa hiyo zitakuambia 1013 au 1015 hPa hata ukiwa Sengerema. Ukiingiza hiyo unarudi kule kule kwenye 8.2.

Kama hakina nafasi ya mwinuko wala mgandamizo, kikalibreti kwa mg/L badala ya asilimia, ukitumia namba za ziwa lako: 7.32 kwenye 24 °C, 7.18 kwenye 25, 7.05 kwenye 26, 6.92 kwenye 27. Kama kinakubali asilimia 100 tu na hakuna njia nyingine, kalibreti hivyo, kisha zidisha kila mg/L unayosoma kwa 0.87 kabla ya kuiandika. Ibandike hiyo 0.87 mgongoni mwa kifaa ili na kijana anayepima zamu ya usiku aione.

Usishtuke kama baada ya kuingiza mgandamizo kifaa kikionyesha asilimia 87 hewani badala ya 100. Baadhi ya vifaa hulinganisha na usawa wa bahari, vingine na hewa ya pale ulipo. Angalia mg/L: ikiwa 7.18 kwenye 25 °C, kiko sawa. Chumvi iwe sifuri kwenye mipangilio, kwa kuwa kifaa kilichotumika pwani kabla ya kukufikia huenda bado kinadhani kiko baharini.

Mara moja kwa mwezi kagua sifuri. Yeyusha gramu 2 za sodiamu salfaiti kwenye mililita 100 za maji, chovya kichwa bila mapovu, subiri dakika 5 hadi 10. Isome chini ya 0.2 mg/L. Ikikwama kwenye 0.6 au 1.0, utando umetoboka, kimiminika kimechoka, au kofia ya mwanga imeisha. Myeyuko huo utengeneze siku ile ile, maana ukilala wazi hunywa oksijeni ya hewa na kupoteza kazi. Suuza kichwa vizuri sana baadaye; mabaki ya salfaiti yatakula oksijeni ya sampuli inayofuata.

Utando unapobadilishwa, jaza kimiminika hadi kifurike kidogo, kisha kaza polepole. Povu chini ya utando au mkunjo juu yake maana yake ni kuanza upya. Uache utulie saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, kabla ya kukalibreti. Kofia ya mwanga haina kazi hizo, ila usiifute kwa spiriti, na isikauke kwa wiki nyingi.

Ziwani, kichwa cha utando hula oksijeni inayokigusa, kwa hiyo lazima maji yapite mbele yake: kitikise taratibu, bila kuvunja uso wa maji. Ukikishikilia bila kusogea, namba inashuka na utaamini ziwa limeishiwa hewa. Cha mwanga hakina tatizo hilo.

Elektrodi ya pH inapogoma

Namba ikitambaa bila kutulia hata kwenye bafa, kwa kawaida kioo kimekauka au kidoa cha rejea kimeziba. Iloweke usiku kucha kwenye myeyuko wa kuhifadhia, ambao ni kloridi ya potasiamu ya molari 3: gramu 22.4 kwenye mililita 100 za maji ya betri. Ikisoma 7 kwenye kila bafa, kioo kimepasuka, hata kama ufa hauonekani, usihangaike nayo. Ikisoma namba isiyobadilika kabisa, angalia kiunganishi cha waya kama kina unyevu.

Utelezi wa mwani na mafuta ya chakula cha samaki huondolewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Magamba meupe ya chokaa, kwa siki nyeupe dakika 10 hadi 15. Baada ya usafi wowote, iloweke walau saa moja kwenye myeyuko wa kuhifadhia kabla ya kukalibreti. Usiihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa wala ya betri, kwa sababu yanavuta chumvi iliyo ndani. Ukiishiwa myeyuko, weka bafa ya 4 kwenye kofia kwa siku chache. Chumvi nyeupe inayoota pembeni ya kofia haina madhara, isuuze tu.

Kila baada ya muda gani

Kwa vizimba vinavyopimwa kila siku: pH ikague kwenye bafa ya 7 kila asubuhi unayotumia kifaa, uikalibreti mara moja kwa wiki, au siku yoyote bafa inapotoka kwa zaidi ya 0.1. Oksijeni ya utando, kalibreti kila siku ya kazi, ni dakika 15 tu. Ya mwanga ikague kila wiki na uikalibreti inapotoka nje ya asilimia 2 au 3. Upitishaji umeme huchoka polepole, ukaguzi wa kila mwezi unatosha. Kifaa kikianguka, kikibadilishwa utando au elektrodi, au kikikaa mwezi bila kutumika, anza upya vyote.

Kwa hali yako ya sasa: ingia kwenye mipangilio urudishe kalibresheni ya kiwandani ya pH ili ile ya maji ya chupa ifutike, safisha elektrodi, iloweke usiku mmoja, kisha kalibreti kwa 7.00 na 10.01. Weka mwinuko wa mita 1,134 na ukalibreti oksijeni. Kisha kaeni na jirani yako, vichwa viwili kwenye ndoo moja ya maji ya ziwa, mkoroge na msubiri dakika tano. Mkitofautiana kwa zaidi ya 0.2 kwenye pH au 0.3 mg/L kwenye oksijeni, mmoja wenu arudie. Mkibishana bado, pelekeni sampuli ya pH na upitishaji kwenye maabara ya ubora wa maji Mwanza, chupa imejazwa hadi juu bila hewa na imewekwa kwenye barafu. Oksijeni haisafiri namna hiyo, ipimwe pale pale ziwani.

Vipimo ulivyokwisha kuandika havijapotea vyote. Oksijeni ya siku zote ambazo mwinuko ulikuwa sifuri izidishe kwa 0.87, mradi ulikuwa ukikalibreti hewani kwa asilimia 100. pH ya baada ya maji ya chupa usijaribu kuipunguza 0.5; huna hakika ya namba ile, na kifaa hakikujua mteremko wake. Ipigie mstari daftarini. Na ukienda kununua elektrodi mpya, tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye boksi: kwa kawaida huishi mwaka mmoja hadi miwili, na huzeeka hata ikiwa dukani haijafunguliwa.